Profesa wa Alhamisi

Karakana ya Masofa
3 Februari

Mpwa wangu Sponji,

Ukisikia mtu anasema hospitali kubwa ya hapa inaendeshwa na mganga mkuu, mwache aendelee kujidanganya. Inaendeshwa na mimi mjomba wako, fundi sofa, niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Alhamisi nikichelewa kidogo tu, madaktari wazima wanajipanga mlangoni kama vifaranga, wanaulizana Profesa yuko wapi. Profesa ndiye mimi. Jina nimepewa na wagonjwa, sikujipa.

Najua unacheka. Cheka, lakini endelea kusoma.

Unakumbuka nilipomaliza mionzi ya kansa ya koo, wewe ukiwa unanisindikiza kila asubuhi na chupa ya maji, kabla hujaenda huko mbali kutafuta kazi ya hoteli. Basi yule daktari wangu wa koo, Binti Daktari, aliniomba siku moja nikae benchini na wagonjwa wapya niwatoe hofu. Ombi likageuka kazi. Sasa kila Alhamisi kabla kliniki haijaanza nasimama mbele yao, nawamwagia elimu. Sigara tupa. Pombe tupa. Maji kunywa, tembea hata kama ni kuzunguka nyumba yako mwenyewe, matunda na mboga usiviangalie kama mapambo. Na kubwa kuliko yote nawaambia, daktari usimfiche kitu. Hata kikiwa cha aibu, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchanga, mwambie. Daktari si mpiga ramli.

Majuzi mzee mmoja alikuwa anakimbia mionzi. Ameshapanda dirisha, mguu mmoja nje mguu mmoja ndani. Nikamsemesha maneno machache tu. Hakurudi ndani hivihivi, la, aliomba apewe ya siku mbili kwa mpigo, na ya mke wake pia, wakati mke wake haumwi hata ukucha.

Wamenibandika ukutani pale koridoni, picha kubwa kama mlango. Nimeshika chungwa. Chini wameandika: Alipona, nawe unaweza. Wagonjwa wakipita wanaiangalia picha, halafu wananiangalia mimi, kama vile nimeshuka kutoka humo ukutani.

Simu yangu usiihangaikie. Imetumbukia kwenye ndoo ya gundi, imeganda humo kama nzi kwenye asali. Nimefikiri nikaona si hasara. Watu wakubwa huandika barua. Na wewe uniandikie, na hayo makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu uyaache, yatakupasua moyo.

Mjomba wako,
Profesa wa Alhamisi


Hotelini, chumba cha kufulia
17 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imezunguka jengo zima kabla ya kunifikia. Mpokea wageni aliifungua kwa bahati mbaya, anasema, na sasa wafuaji wote wanaulizia mke wa yule mzee wa dirishani kama alikubali mionzi yake.

Mimi ni mzima. Kazi ni ileile, mashuka yanaingia machafu mlango huu yanatoka meupe mlango ule, na katikati ni mimi na mvuke. Mashine ya kupiga pasi ina upana wa kitanda, tunailisha shuka wawili wawili, ukizubaa inakula kidole. Msimamizi wetu ana macho hata kisogoni. Simu tunafungiwa kabatini mpaka zamu iishe.

Makopo nimepunguza. Sijasema nimeacha.

Mjomba, nimefurahi kuhusu picha. Nimefurahi mpaka nikatoa chozi, nikasingizia sabuni. Lakini kuna kitu hukuniandikia. Ule mrija wenye kamera wanaoupitisha puani kukuangalia koo, mara ya mwisho ulionyesha nini? Zamani ulikuwa ukinieleza kila kitu, hata daktari alikohoa mara ngapi. Safari hii umeniandikia ya wengine, ya kwako hakuna.

Na jingine. Nilimpigia Mama Mboga, pale jirani na karakana, nikamwomba akupelekee simu yake tuongee. Nikasikia anakuita, nikasikia nyundo yako inanyamaza. Kisha akarudi akaniambia umempungia mkono kwamba unakula. Wewe, unayeweza kula, kupiga nyundo na kumtukana refa wa mpira wa redioni kwa pumzi moja, leo umeshindwa kusema haloo?

Nijibu.

Mpwa wako,
Sponji


Karakana
2 Machi

Sponji wangu,

Umekuwa mpelelezi siku hizi. Hoteli inafua mashuka au inafua watu?

Sikia. Mtu anayefundisha afya lazima aiishi, si kama wale wanaohubiri mbio wakiwa wamekalia kiti. Mimi nimeingia katika maisha ya kiafya ya daraja la juu, ambayo hata madaktari bado hawajayafikia. Kwanza, nimeacha vyakula vigumu. Nyama, mikate, hapana. Nakula supu na vitu vya kuponda, kwa sababu tumbo nalo ni la kuhurumiwa. Pili, nimepungua. Mkanda umerudi matundu manne, suruali zote nimezipunguza mwenyewe kwa cherehani ya masofa. Mama Mboga anasema nimekuwa kijana, ananitania ananiita mchumba. Tatu, naongea kidogo. Ukimya unatunza moyo. Mtu mwenye hekima akisema neno moja linatosha, na mimi sasa nayapima maneno yangu kama kitambaa cha bei.

Nalala nimeegemea, si chali. Ni nzuri kwa mapafu. Na nimejishonea kofia ya sufu inayofunika sikio la kushoto, maana upepo wa karakana hii unapenda kuingilia hapo.

Kuhusu Alhamisi, hospitali wameninunulia kipaza sauti. Watu wamezidi, ukumbi hautoshi, wengine wanasimama hadi kwenye ngazi, na wengine si wagonjwa, wamekuja tu kusikiliza. Nikikishika kile kipaza naongea taratibu, kwa upole, kama mtu wa redio. Binti Daktari alipita akaniuliza mbona sauti inakwaruza, nikamwambia jana kulikuwa na mechi. Akacheka. Ana kicheko kizuri yule mtoto, utadhani hajawahi kumpa mtu habari mbaya.

Haya, na mrija wa kamera ni mambo ya wataalamu. Usijitwishe.

Kazi ninayo. Nina sofa la pembe la mama mmoja, springi zake zimechoka. Juzi springi moja ilifyatuka ikanirusha hadi darini, nikakuta popo, tukasalimiana.

Mjomba wako,
Mtaalamu wa Maisha


Hotelini
14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kikapu cha mashuka. Nilipoimaliza nikairudia, na niliporudia nikasimama.

Siku ile ya mwisho ya mionzi walitupa kikaratasi, wewe ukanipa mimi nisome, ukafumba macho kama uko kwa kinyozi. Nilikisoma kwa sauti mara mbili. Kilisema, ukiona sauti inakwaruza na haiponi, chakula kinakwama, sikio linauma, mwili unapungua bila sababu, usisubiri siku yako ya kliniki, rudi mara moja. Ulisema umeelewa. Ulisema unaweza kukiimba.

Sasa vyote vinne umeniandikia wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, umevivika nguo za afya.

Simu haikuingia kwenye gundi, Mjomba. Hutaki nisikie sauti yako.

Sikuandikii kukugombeza. Mama alipofariki ulinichukua nikiwa sijui hata kujifunga kamba za viatu. Nililala juu ya mabaki ya sponji pale karakana, ukawa unaniambia wafalme wote hulala hivyo. Kila uongo ulionidanganya ulikuwa wa kunifanya nisilie, na mimi nilijua, na niliupenda. Huu siupendi. Huu niambie ukweli wake.

Ni lini mara ya mwisho ulikaa kwenye kiti cha mgonjwa? Si kusimama na kipaza. Kukaa.

Sponji


Karakana
25 Machi

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii na kuichana, nikaanza nyingine, nikaichana. Mama Mboga akaniuliza kama nimepata kazi ya kutengeneza vikaratasi vya kuwarushia maharusi.

Tangu mvua za mwaka jana.

Sikupanga. Niamini katika hilo hata kama mengine huyaamini. Siku yangu ya kuangaliwa iliangukia Alhamisi, nikafika, nikafundisha, watu wakanipongeza, karani wa mafaili akanipigia saluti, naam Profesa, nikatoka zangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nilipaswa kuingia ndani. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikafundisha tena. Kule hakuna anayenitafuta, Sponji. Mgonjwa asipoonekana wanampigia simu, wanamtuma mtu. Mimi naonekana kila wiki. Wananiona mpaka hawanioni.

Halafu sauti ikaanza kuchakaa. Ndipo nikaanza kukwepa kwa kukusudia.

Utauliza kwa nini, na mimi nitakueleza, na utaona ni upumbavu, lakini ndani yangu haukuwa upumbavu. Siku moja Binti Daktari alileta wanafunzi wake. Nilikuwa nyuma ya mlango, nawasubiri watu wakae. Alikuwa amechoka, asubuhi ile alikuwa amepoteza mgonjwa, kijana. Akawaambia wanafunzi wake, akionyesha picha yangu: "Siku nikitaka kuacha kazi hii, huwa namwangalia huyu." Sasa niambie. Mtu aliyenirudishia koo langu, anaishi kwa kuniangalia mimi. Nianzeje kuingia chumbani kwake na kumwambia, samahani, kansa imerudi?

Na wale wa benchini. Wakimwona Profesa yuko foleni na kadi mkononi, nani ataamini tena habari za maji na matembezi? Mimi nilifuata yote. Sigara sikugusa tena hata moja, wallahi hilo si porojo. Nilitembea, nilikula hayo majani. Watasema, kumbe haisaidii.

Na kuna la mwisho. Kuna mwalimu wa shule, koo lake lilifika pabaya, wakataka kumtoa kisanduku cha sauti. Alikataa. Mimi ndiye niliyemkalia mpaka akakubali, nikamwambia uhai kwanza, maneno baadaye. Amepona. Siku hizi anakuja na kibao kidogo cha chaki shingoni, anaandika anachotaka. Sponji, watu hawasubiri amalize. Anaandika neno la kwanza, wanamalizia wao, tena wanakosea, naye anatikisa kichwa, anafuta, anaanza upya. Siku moja aliacha tu, akakirudisha kibao kifuani. Nilimwona. Mimi bila mdomo ni nani? Kinachobaki ni viti vya watu wengine ninavyotengeneza.

Mwezi wa tano wanakuja wageni, madaktari wakubwa, kuona hii kazi yetu ya benchi. Wakishaondoka nitakaa kwenye kiti. Nakuahidi. Na wewe niahidi kwamba hutamwambia mtu. Nimekuomba, sijakuamuru.

Mjomba wako


Hotelini
4 Aprili

Kwa Daktari wa Koo, Kliniki ya Alhamisi

Daktari,

Hunijui. Mimi ni mpwa wa yule fundi sofa mnayemwita Profesa, yeye ndiye aliyenilea. Nilikuwa nambebea chupa ya maji wakati wa mionzi, labda unakumbuka msichana aliyekuwa anauliza maswali mengi.

Ameniomba nisikwambie, na ninakwambia. Hajaangaliwa koo tangu mvua za mwaka jana. Sauti haikuharibiwa na mechi. Hali chakula kigumu, amepungua matundu manne ya mkanda, sikio la kushoto linamuuma, analala ameegemea. Anakuficha kwa sababu anakupenda kama mtoto wake na hataki kukuvunja moyo.

Tafadhali usingoje wageni waje. Na tafadhali usimwambie mbele za watu.

Najua atanichukia. Naomba achukie akiwa hai.

Mpwa wake


Kliniki ya Koo
20 Aprili

Mpendwa Dada Sponji,

Samahani kwa kutumia jina hilo, ndilo pekee analokuita. Nakuandikia kwa ruhusa yake. Nilimuuliza kama angependa akuandikie mwenyewe, akaniambia, "Mwambie wewe. Mimi nitamdanganya."

Barua yako ilinifikia Jumatano. Sikungoja kesho yake. Nilikwenda karakana mwenyewe baada ya kazi, nikamkuta na misumari mdomoni, anapigilia kitambaa. Aliponiona aliitema mmoja mmoja kiganjani, polepole, kama mtu anayehesabu muda uliobaki wa kuwa mzima. Hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kubadili shati.

Tulimwangalia jioni hiyohiyo, tukachukua kipande kidogo cha nyama ya koo cha kupima, tukampiga picha za shingo na kifua. Nitakueleza wazi kwa sababu wewe uliniandikia wazi. Saratani imerudi pale pale ilipokuwa, na imetoka nje ya kisanduku cha sauti. Ipo shingoni, na imefika kwenye mapafu. Operesheni aliyofanyiwa mwalimu haiwezi kumsaidia yeye. Ingeweza, siku sauti ilipoanza kukwaruza. Pengine hata operesheni ndogo kuliko ile ingetosha. Sasa tunachoweza ni kumpunguzia maumivu, kumsaidia apumue na ale, na dawa za kuchelewesha kidogo. Ameuliza kidogo ni kiasi gani. Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui, lakini ukitaka kuja, usingoje msimu upite.

Kuna jambo jingine ninalopaswa kukuambia, kwa sababu usipolijua utabeba lawama isiyo yako, au utambebesha yeye peke yake. Alikuwa chini ya dari yangu kila wiki. Niliisikia ile sauti. Niliuliza, akanitania, nikacheka, nikaingia ndani kuwaangalia wagonjwa. Faili lake halikutolewa kabatini mwaka mzima kwa sababu mwenye faili alikuwa amesimama mbele yetu. Nilimfanya awe dawa yangu, na dawa haiangaliwi koo.

Ameniomba niishushe picha. Nimemwambia bado. Sijui kama ninakataa kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Daktari


Karakana
24 Aprili

Wewe,

Nilikuomba kitu kimoja tu tangu uzaliwe.

Alikuja hadi karakana. Alinikuta na fulana iliyotoboka. Alisimama katikati ya vumbi la sponji na macho yake yakiwa tayari yamelia, mimi sijafungua hata mdomo. Ndicho nilichokuwa nakizuia mwaka mzima, yale macho, na wewe ukaniletea kwa stempu.

Usije. Kaa na mashuka yako.

Mjomba


Hotelini
30 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimeipata. Sitaibishia.

Ni kweli nilikusaliti. Nilijua ninachokifanya, nilikitia kwenye bahasha, nikailamba, nikaituma. Ningefanya tena leo, na kitu kinachoniuma ni kwamba sikufanya mapema. Februari ulipoikataa simu ya Mama Mboga, nikajiambia barua itatosha. Nilikuwa na nafasi ya kupiga tena siku ileile. Nikarudi kulisha mashine. Kwa hiyo kama ni kugawana, na mimi nina langu.

Unasema bila mdomo wewe ni viti vya watu wengine. Nimeikataa hiyo sentensi, nimekaa nayo wiki nzima nikiikataa. Hapa kuna wafuaji kumi na kitu hawajawahi kukusikia hata ukikohoa. Wanazijua hadithi zako zote kwa barua. Popo wa darini amekuwa mtu maarufu. Msimamizi, yule mwenye macho kisogoni, juzi aliniuliza kwa aibu kama popo alijibu salamu.

Nimeomba ruhusa. Wamesema msimu wa wageni umeanza, hakuna ruhusa. Nimewaambia basi wafue wenyewe. Nitakuja wiki ya tatu ya Mei, gari la kwanza nitakalolipata. Ukitaka kunifukuza utanifukuza nikiwa nimeshafika, nikiwa nimekaa kwenye sponji.

Mpwa wako, hata ukikataa,
Sponji


Hospitali, wodi ya koo
12 Mei

Sponji wangu,

Nimehama. Karakana nimemkabidhi Mama Mboga funguo, sofa la yule mama lilikuwa limebaki mgongo tu, nimemwandikia fundi wa jirani jinsi ya kulimalizia na asije akaweka springi kichwa chini kama kawaida yake.

Hali yangu ni hii. Pumzi ilianza kugoma, wakanitoboa shingoni wakaweka bomba. Sasa napumulia mbele, kama pikipiki. Mwenye pua mbili duniani ni mimi peke yangu, na hii mpya haishiki mafua. Sauti haipo. Si kwamba imekwaruza, haipo. Nikifungua mdomo unatoka upepo tu. Siku ya kwanza nilijaribu kumwambia muuguzi jina langu, akasubiri, akasubiri, halafu akaniletea maji.

Nilikuandikia maneno mabaya. Niliyaandika kwa hasira ya mtu aliyekamatwa. Sikuchukii. Hata siku ile sikukuchukia, nilikuwa natafuta pa kuiweka ile hasira na wewe ulikuwa mbali, hukuweza kuirudisha.

Sasa nikusimulie Alhamisi iliyopita, na hii nitaisimulia ilivyokuwa, bila kuongeza.

Wale wageni wakubwa walikuja. Binti Daktari aliniambia nisijisumbue, nibaki kitandani. Nikakataa kwa kichwa. Nikavaa shati, nikashuka taratibu, na sikwenda kusimama mbele. Nilichukua kadi ya foleni kama wengine, nikakaa benchini katikati ya watu, bomba shingoni, chini ya ile picha yangu na chungwa lake. Ukumbi ulinyamaza, Sponji. Nimewahi kunyamazisha watu kwa maneno, sijawahi kuwanyamazisha kwa kukaa tu.

Mwalimu alikuwepo. Nikamwashiria anipe kibao. Nikaandika, chaki ikakatika, nikaandika tena. Yeye akakishika juu ili wote waone, maana mimi mikono ilikuwa imechoka. Mabubu wawili tukitoa darasa. Niliandika:

"Nilikuwa hapa kila Alhamisi. Sikuja hata mara moja."

Mtu mmoja kule nyuma akaanza kunimalizia, akisema anamaanisha hivi na hivi. Mwalimu akamtazama tu, mtu yule akaacha. Nikafuta, nikaandika kwamba maji na matembezi na sigara yote niliyowaambia ni kweli, wasiyaache kwa sababu yangu, na kwamba kilichoniangusha si hayo, ni lile moja nililowafundisha kila wiki na kulivunja mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Kibao ni kidogo. Nilikuwa nafuta kwa kiganja na watu wakawa wanasubiri, hakuna aliyetoka.

Ningependa kukuandikia kwamba baada ya hapo watu mia walisimama kwenda kusema siri zao. Alisimama mmoja. Mwanamke wa makamo, alikwenda kwenye dirisha la muuguzi, akasema kuna mahali panamuuma na alikuwa hajasema. Mmoja tu. Binti Daktari alimchukua mwenyewe akaingia naye ndani.

Kisha namba yangu ikaitwa. Nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti. Aliniuliza kama anavyowauliza wote: leo tunakuonaje? Nikamwandikia kwamba naumwa, na naogopa. Hakulia. Nilidhani nikimwambia atavunjika, mwaka mzima nilikuwa nadhani hivyo. Alivuta kiti chake karibu, akaandika kwenye faili, akaniuliza ni wapi panauma zaidi, na mimi nikamwonyesha. Ilikuwa rahisi hivyo, mpwa wangu. Ilikuwa rahisi hivyo siku zote.

Njoo. Yale niliyosema kuhusu mashuka yafute. Njoo kwa gari la kwanza, na kama la kwanza limejaa simama. Ukifika utanikuta nimekonda kuliko ulivyozoea, usishtuke mbele yangu, katoke nje kwanza ushtuke huko halafu urudi. Sina sauti ya kukusimulia hadithi, kwa hiyo safari hii usimulie wewe. Hata za kufua mashuka nitazisikiliza. Nitasubiri umalize.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu, na hiki usikisome mbele ya wenzako hotelini.

Kila asubuhi anakuja muuguzi kunitoa damu, binti mdogo tu. Mimi niliyewaambia wagonjwa wote kwamba nilichomwa sindano mia tatu bila kupepesa, huwa nafumba macho. Yeye ananipa mkono wake mmoja niushike, anafanya kazi kwa mwingine. Sindano ikishatoka naisikia ikitoka, Sponji. Naendelea kufumba macho, najifanya sijajua, ili asiuchukue mkono wake mapema.

Mjomba wako